Pagazi wa Boksi la Gia

Mjukuu wangu wa kwanza aliniogopa tangu alipoanza kutambua sura za watu. Siandiki hivi kwa kulalamika. Ni jambo nililolichunguza na kulithibitisha. Alipoletwa Tabora akiwa hajatimiza miaka mitatu, alilia kila nilipoingia chumbani na kunyamaza kila nilipotoka. Siku ya pili niliingia kwa mlango wa uani badala ya mlango wa mbele, nione kama tatizo ni mlango. Alilia. Siku ya tatu niliingia nimevaa kofia. Alilia zaidi. Siku ya nne binti yangu alifunga mizigo yao na kurudi naye Dodoma, ambako ameolewa.

Baada ya hapo tukawa tunaonana kwenye simu. Binti yangu alikuwa anamwelekezea mtoto kioo na kumwambia, "Haya, msalimie babu." Mtoto alisema shikamoo akiangalia pembeni, mimi nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza amejifunza nini leo, na kwenye meza ile nyuma yake kuna vikombe vingapi, na kati ya kikombe na sahani kipi kizito. Niliamini ndivyo mtu anavyozungumza na mtoto. Siku moja nikamsikia akisema kabla kioo hakijamgeukia, "Sitaki babu. Babu anauliza."

Najua mababu wengine hufanyaje. Hapa kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, humwambia bibi yake ni mzee sasa na ataachwa, mtoto anacheka, bibi anajifanya kukasirika, na mambo yanakwenda. Mimi sijawahi kuweza utani. Niliacha shule darasa la saba, na mengine yote ninayojua nimeyasoma mwenyewe, mengi kwenye vitabu vilivyokosa kurasa. Ninatengeneza vyerehani, na cherehani hakitaki utani. Mtu aliyejifunza peke yake huzoea kuuliza, kwa sababu hakuna mwalimu wa kumwambia basi, inatosha.

Kwa hiyo binti yangu alipopiga simu kusema watakuja likizo ya Juni kwa siku tano, aliongeza hivi: "Baba, safari hii akilia kama mara ile, sitamlazimisha tena. Nitakuwa nakuja peke yangu mpaka akue."

"Akue mpaka umri gani?"

"Unaona sasa? Ndiyo hayo maswali yenyewe."

Nilibakiwa na wiki tatu. Nikachukua daftari, nikaandika juu ya ukurasa: Mtoto asilie. Chini yake sikuwa na cha kuandika kwa siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba katika siku zile nne za kwanza, mtoto yule aliwahi kuuliza swali moja. Nilikuwa nimekifungua cherehani cha miguu mezani, tumbo lake likiwa wazi, na gia zake mbili za chuma zinaonekana. Alisimama mlangoni, akakiangalia, akauliza, "Nani anazungusha?" Hakuniuliza mimi, alikiuliza cherehani. Nikajibu mimi. Jibu lilikuwa refu kidogo, na nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu. Lakini swali lilikuwa limeulizwa. Nikaandika: Gia.

Nilikuwa nimeona kwenye simu kichezeo cha aina hiyo. Kinakuja kwenye boksi. Kuna bamba la plastiki lenye matundu, kuna gia za rangi za ukubwa mbalimbali, kila moja na kijiti chake cha kuchomeka, na kuna mkono wa kuzungushia. Mtoto anapanga gia kwenye bamba anavyotaka, meno yakashikana, anazungusha moja na nyingine zote zinafuata. Niliona ndicho.

Kulikuwa na suala la ukubwa. Kitu chochote kinachoweza kuingia mzima mdomoni mwa mtoto hakifai, hilo nimelisoma mahali pengi. Lakini mdomo wa mtoto huyu una upana gani? Nikamwandikia binti yangu ujumbe kumwomba vipimo. Alikaa siku moja na nusu, kisha akajibu: "Baba, yai la kuchemsha analing'ata mara mbili." Alitaka kunikatisha tamaa, nadhani, lakini lilikuwa jibu zuri kuliko nililotarajia. Kama yai haliingii mzima, basi chochote chenye ukubwa wa yai ni salama. Asubuhi yake nikatia yai la kuku wa kienyeji mfukoni na kuvuka barabara kwenda dukani. Lilikuwa bichi, na nilikosea. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha suruali, nikachemsha lingine.

Duka linaloelekeana na baraza ninapofanyia kazi huuza ndoo, mabeseni, mazulia ya plastiki na vichezeo. Mwenye duka ni Mgogo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, nipende nisipende. Zamani misafara iliyotoka hapa kwenda pwani ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo waliitoza ushuru wa nguo, shanga na waya kabla ya kuiacha ichote maji na kuendelea. Waliobeba mizigo ni mababu zetu. Waliofunga njia ni mababu zao. Wazee husema utani wetu ulianzia hapo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako na kukaa nacho mpaka ukikomboe, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kwa miaka yote ambayo tumetazamana na mtu huyu, ananisalimu, "Pagazi, leo mzigo haupo?" na mimi namjibu, "Habari za asubuhi." Anasikitika sana. Aliwahi kuniambia kwamba kunitania ni kama kurusha jiwe kisimani na kutosikia mlio.

Siku hiyo nikaweka yai juu ya kaunta.

"Mnyamwezi, sasa unakuja na chakula chako?"

"Ni kipimo."

"Cha nini?"

"Cha mdomo wa mjukuu wangu."

Akawageukia wanawake wawili waliokuwa wakigonga ndoo kusikiliza kama zina ufa. "Jamani, nyinyi ni mashahidi wangu. Mtani wangu ameingia hapa na yai, anasema ni mdomo wa mjukuu."

Nikamwomba anionyeshe kichezeo cha gia. Alikuwa nacho kimoja, rafu ya juu, kina vumbi. Nikapima kila gia kwa yai. Ndogo kabisa ilizidi yai kidogo kwa upana. Meno yalikuwa manene, hayana ncha. Mkono wa kuzungushia ulikaa imara. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipolitazama boksi lenyewe. Juu yake kulikuwa na picha ya mtoto anayecheka, na mbele yake bamba lenye gia tatu, nyekundu, njano na bluu, zimepangwa kama mafiga, kila moja ikiwa imeshikana na nyingine mbili.

"Hii haiwezi kuzunguka," nikasema.

"Haiwezi vipi? Mtoto anacheka."

"Gia mbili zikishikana, moja ikienda kulia nyingine inakwenda kushoto. Sasa nyekundu iende kulia. Njano itakwenda kushoto. Bluu inafanyaje? Nyekundu inaisukuma kushoto, njano inaisukuma kulia. Zote tatu zinakwama. Mzunguko uliofungwa hivi unataka gia nne, au sita, au nane."

Mwanamke mmoja aliweka ndoo chini ili asikilize vizuri. Mtani wangu aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Pagazi, unanunua gia au unanunua picha?"

"Mtoto hajui kusoma. Kwake picha ndiyo maelekezo. Atapanga hivi, itakwama, atalia."

"Basi usinunue."

"Sinunui."

Nikachukua yai langu nikatoka. Wale wanawake, nilisikia baadaye, walikaa pale wakibishana kuhusu bluu inafanyaje, na ndoo hawakununua.

Nikajaribu njia nyingine. Kwenye rundo la vichezeo vya mtumba sokoni nilipata gia saba nzuri, lakini bamba halikuwepo, na muuzaji aliniambia nizipange hewani. Nikaamua kutengeneza mwenyewe kwa mninga, mbao ambayo hapa kwetu haina haja ya kutafutwa mbali. Nilichora, nikapima, nikakata meno moja moja kwa msumeno mdogo na tupa. Ilinichukua siku nne. Zilizunguka vizuri ajabu, bila mlio. Nikaiweka ile kubwa kwenye mizani: ilikuwa na uzito wa kuku. Mke wangu alikuja, akainyanyua kwa mikono miwili.

"Hii ikimwangukia mguuni?"

Sikuwa nimeliandika hilo. Akaondoka nayo. Mpaka leo sufuria ya ugali nyumbani kwetu hutuliwa juu ya gia ya mninga yenye meno kumi na sita, na wageni huisifu.

Zikawa zimebaki siku sita. Nikarudi dukani na kununua boksi lile lile nililolikataa. Mtani wangu alilifuta vumbi kwa mkono wa shati lake kama mtu anayemwandaa bibi harusi.

Nyumbani nikakifanyia majaribio. Nilikuwa nimepanga kukizungusha mara mia tano, nikiandika kila mia kama kuna jino lililochakaa. Nilipofika mia mbili na kumi, mke wangu, ambaye anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, aliniambia ananisaidia. Akakaa mkekani, akapanga gia kumi na moja kutoka pembe ya bamba hadi pembe, na kuanza kuzungusha huku anaimba. Kila ubeti ulikuwa mizunguko thelathini na miwili, hivyo hesabu haikupotea. Mzunguko wa mia tano ulipita akiwa katikati ya pambio.

"Inatosha," nikasema. "Leta nikague."

"Toa mkono wako hapo."

"Mtoto atakikuta kimezeeka."

"Na wewe si atakukuta umezeeka? Toa mkono."

Nilipokipata tena, nikashughulikia ile picha. Nilikata karatasi nyeupe, nikachora kwa wino gia nne badala ya tatu, nikaweka mishale ya kuonyesha kila moja inakwenda upande gani, nikabandika juu ya uongo ule. Mke wangu aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya aliibandua. "Zawadi gani hii imebandikwa tangazo? Ungeongeza na muhuri." Picha ikabaki.

Kosa langu kubwa nililifanya siku mbili kabla ya treni yao kufika. Mtani wangu aliniuliza kutoka ng'ambo ya barabara huyo mjukuu baba yake ni mtu wa wapi, na mimi, kwa kuwa ni swali lenye jibu, nikajibu. "Mkwe wangu? Wa Kongwa."

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Wa Kongwa. Kwa hiyo huyo mtoto ni Mgogo."

"Kwa upande wa baba, ndiyo."

"Na umenyamaza muda wote huu! Mtoto wetu anakuja Unyamwezi, na mimi nimeuza zawadi yake kama vile nauza beseni!" Akasimama. "Mnyamwezi, hiyo si zawadi. Huo ni ushuru. Na ushuru una taratibu zake."

Kesho yake alasiri alifika nyumbani kwetu, mtaa wa Chemchem, akasalimiana na mke wangu, akaomba maji, akayanywa, akaomba kukiona kichezeo. Akang'oa mkono wa kuzungushia, akautia mfukoni, akasimama mlangoni.

"Mali ya msafara imezuiwa," akasema. "Kesho utatoka na boksi hili kutoka stesheni mpaka hapa, kichwani. Mimi nitatangulia. Ukifika, nakurudishia."

"Sina muda wa mambo hayo. Nitatengeneza mkono mwingine kwa waya. Ni kazi ya dakika ishirini."

"Tengeneza. Nitachukua na bamba."

Nilimtazama mke wangu, nikitegemea msaada. Alikuwa ameshaanza kukunja kanga iwe kata ya kuwekea mzigo kichwani. "Nenda," akasema. "Ukimkatalia mtani leo, siku ya msiba wako watu watalia kimya kimya kama wako hospitali."

"Na sharti moja la mwisho," akasema mtani. "Pagazi haulizi maswali njiani."

Kwa nini alisema hivyo sijui. Sikuwa nimemwambia habari za simu. Labda mke wangu alimwambia. Labda ni kwamba aliyetazamana nami kwa miaka yote ile hakuhitaji kuambiwa.

Kesho yake binti yangu alipiga simu kwamba wamepita Igalula. Tulikuwa tumeshafika stesheni. Boksi lilikuwa limefungwa kwenye kitenge, na lilikuwa jepesi, lakini jepesi na pana, na mzigo mpana kichwani husumbua kuliko mzito, kwa sababu upepo unausukuma. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya kufunga kamba, miwani, na shati lenye mfuko ambamo daftari na kalamu vilikuwemo kama kawaida. Mtani wangu alikuwa na mfuniko wa sufuria na kijiko. Watu waliokuja kupokea ndugu zao walitupisha nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji.

Treni ikaingia. Binti yangu alishuka na begi, kisha akamshusha mtoto. Alikuwa amekuwa mrefu. Alivaa gauni la njano na koti la baridi la Dodoma, na alipogeuza uso alimwona kwanza mwanaume asiyemjua anayegonga mfuniko na kupaza sauti, "Msafara! Msafara umefika! Njia!" na nyuma yake babu yake akiwa na mzigo kichwani, shingo imenyooka, hathubutu kuinama.

Hakulia. Alifungua mdomo, na niliona kwamba ule mdomo, kwa kweli, haukuwa na upana wa yai.

"Mama, kwa nini babu amebeba?"

Binti yangu alikuwa amejiziba uso kwa kanga na mabega yanamtikisika. Mtani akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mtemi wangu. Sikiliza. Wewe ni Mgogo kama mimi. Huyu mzee ni pagazi. Anataka kupita kwenye nchi yako. Utamwacha apite bure?"

Mtoto akafikiri. "Hapana."

"Basi mfungie njia. Hivi." Akatandaza mikono. "Halafu unamwambia: lipa."

Mtoto alitandaza mikono, koti likapanda mpaka kifuani. Alinitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni bila mtu kumwelekeza.

"Lipa," akasema kwa sauti ndogo.

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Ahaaa!" Mtani akagonga mfuniko. "Pagazi haulizi! Pagazi anatoa!"

Mtoto alinikagua kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mimi ninavyokagua cherehani kilicholetwa na mteja mwongo. Kisha akanyoosha kidole kwenye kiatu changu cha kulia. Nikachuchumaa, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu kwenye boksi, na kufungua kamba bila kuiona. Nikampa kiatu. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisikiliza kama kina kitu ndani, akanipisha.

Hatukufika mbali. Alikimbia mbele, akatandaza mikono tena. "Lipa!" Safari hii aliichukua miwani. Baada ya hapo siwezi kueleza vizuri tulipita wapi, kwa kuwa kitu kilichozidi hatua tatu kilikuwa rangi tu, lakini sauti nilizisikia. Mwendesha bodaboda aliuliza, "Mzee, mnahama?" Mtani akajibu, "Tunatoka Ujiji!" Mbele kidogo, ile rangi ya njano ikajitokeza tena njiani ikadai kiatu cha kushoto. Nilishukuru kimoyomoyo, maana kutembea na kiatu kimoja kunapotosha nyonga. Niliendelea kwa soksi. Kwenye kona ya kuingia mtaani kwetu nikatozwa kalamu, na hatua kumi baadaye daftari.

Hapo nilisita. Ndani ya daftari lile mlikuwa na mpango wote: nitaanza na gia mbili, nitamwachia nafasi ya kutazama, nitamuuliza nini, atajibu nini, nitamuuliza nini tena. Kurasa nane.

"Lipa," sauti ikasema. Haikuwa ndogo tena.

Nikalipa.

Tulipofika nyumbani, mke wangu alinitua mzigo. Mtani akatoa mkono wa kuzungushia mfukoni, akampa mtoto, akanywa chai na kukataa kuondoka. Mtoto alikaa mkekani na mali yake yote kando: viatu viwili, kalamu, daftari, na miwani yangu aliyokuwa ameivaa, ikamshuka mpaka kwenye midomo. Akafungua kitenge. Akaliona boksi. Akaiona picha.

Nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimekijua kwa wiki tatu. Akachukua nyekundu, akachukua njano, akachukua bluu, akazipanga kama mafiga, kila moja ikiwa imeshikana na nyingine mbili, kama picha ilivyosema. Akachomeka mkono kwenye nyekundu. Akazungusha. Haikwenda. Akazungusha kwa nguvu. Bamba likanyanyuka, gia hazikwenda. Akalinganisha na picha, akasukuma tena. Mdomo wake wa chini ukaanza kutoka nje. Binti yangu, aliyekuwa mlangoni na begi bado mkononi, alinitazama mimi, wala si mtoto.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sahihi na lilikuwa fupi, nilikuwa nimelipunguza hadi sentensi nne. Nikavuta pumzi.

"Babu," mtoto akasema. "Haizunguki."

Mtani wangu alikohoa ndani ya kikombe.

"Mimi ni pagazi tu," nikasema. "Mimi nabeba. Sijui yaliyomo."

Miwani ikaniangalia. "Hujui?"

"Sijui."

"Babu hajui!" akamwambia mama yake. "Bibi! Babu hajui!" Akacheka kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwenye simu, kichwa kikienda nyuma mpaka miwani ikaanguka. Ilikuwa habari kubwa kwake, na nikiangalia nyuso za watu waliokuwa chumbani, haikuwa ndogo kwao pia. Alirudia mara tatu. Kisha akakumbuka kazi yake, akatandaza mikono juu ya bamba, akasema kwa ile sauti ya njiani, "Lipa!" Na kwa kuwa sikuwa nimebakiwa na kitu ila suruali na shati, alijilipa mwenyewe: akang'oa gia ya bluu na kuiweka kwenye rundo lake pamoja na viatu.

Mkono wake mwingine ulikuwa bado kwenye nyekundu, na ulikuwa bado unasukuma. Nyekundu ikazunguka. Njano ikazunguka.

Mtoto alisimamisha. Akairudisha bluu: zikakwama. Akaitoa: zikaenda. Akairudisha, akaitoa. Aliangalia bluu kwa muda mrefu, akaigeuza, akakagua meno yake. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili. Nasema hivyo kwa maana yake halisi.

"Huyu," akanieleza hatimaye, akinionyesha bluu ili nielewe na mimi, "hajui aende wapi."

Katika vitabu vyote nilivyosoma sijaona maelezo bora zaidi.

Siku zilizofuata nilitembea ndani ya nyumba yangu kwa kulipa. Kwenda uani ilikuwa soksi, kurudi ilikuwa kijiko. Sikuuliza swali isipokuwa moja, siku ya tatu, kama ningeweza kupata miwani kwa ajili ya kazi, na nililazimika kuikomboa kwa kumbeba mgongoni mpaka dukani kwa mtani, ambaye alinisalimu, "Pagazi, leo mzigo upo!" Nikamjibu kwamba upo, na kwamba ni mzito kuliko wa juzi kwa sababu Wagogo wakionja ugali wetu kidogo hunenepa. Alitoka nje ya duka. Akaita majirani. Alitaka nirudie mbele ya mashahidi, lakini sikuweza, ilikuwa imeshatoka.

Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni na boksi limefungwa kwenye kitenge, mtoto alikuta njia imefungwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimetandaza mikono. Nilijihisi kama sanamu ya kutishia ndege, na mke wangu alithibitisha kwamba ndivyo nilivyoonekana.

"Lipa," nikasema.

Mtoto akaweka boksi chini, akafungua fundo mwenyewe, akapekua, akanipa gia ya bluu.

"Nitakuja kuikomboa," akasema. Halafu akamgeukia mama yake. "Si tutakuja?"

Binti yangu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, kisha akaitazama ile gia mkononi mwangu.

"Desemba," akasema. "Mali ya mtu haiachwi."

Gia iko mezani kwangu, kando ya kopo la bobini za uzi. Jioni ya Jumapili simu hulia, na sasa ni yeye anayeuliza.

"Babu, umeitunza?"

"Nimeitunza."

"Usiizungushe mpaka nije."

"Siizungushi."

Niliizungusha mara moja tu, kwa kidole, kuhesabu meno. Ni kumi na mawili. Hilo sijamwambia.